Unga Hausemi Jina Lake

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa mtaa wetu huku Eastlands, mbele ya wazazi, walimu na vijana wa sekondari. Mvua ilinyesha, Jogoo Road ikafunga, wengi mkashindwa kufika. Niliahidi kuyaweka yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Bwana Chifu, walimu, wazazi wenzangu, vijana wangu, hamjambo?

Nimekuja na vijikaratasi vitano, na mmeona nimevipitisha safu ya mbele. Kila kimoja kina unga mweupe. Mama mwenye leso ya kijani, umevitazama vyote. Kipi ni sukari ya kusaga? Kipi ni chumvi? Kipi ni tembe za maumivu ya kichwa nilizoponda asubuhi jikoni kwangu? Hujui. Na mwalimu wa kemia aliye kando yako amevigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha amenirudishia bila kusema neno. Namshukuru kwa kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka 26 katika maabara hapa Nairobi: kutosema kitu ni nini mpaka nimekipima.

Unga hausemi jina lake. Lishikeni hilo, maana nitalirudia.

Tunafungua gazeti tunasoma: "Wanaswa na mihadarati ya mamilioni." Picha ni ileile: meza, vifurushi, vijana wameinamisha vichwa. Nauliza, saa ile picha inapigwa, nani ameshajua kwamba ile ni mihadarati? Polisi anashuku, na kushuku ni kazi yake. Mbwa amenusa, na pua ya mbwa ni ya ajabu. Lakini mbwa hapandi kizimbani. Tena wale waliofundishwa kutafuta kokeini, mara nyingi kinachowavuta ni harufu ya methili benzoeti, ambayo hutoka pale kokeini inapoanza kuvunjika hewani. Mbwa ametuletea habari. Jibu bado halijapatikana.

Vijana, mmeona katika filamu askari akitia kidole kwenye unga, analamba, halafu anatikisa kichwa kama anayeonja mchuzi. Msifanye hivyo kamwe. Miaka 26 sikuonja kitu. Siku hizi kuna dawa za kutengenezwa viwandani, kama fentanili, ambazo kiasi kisichozidi punje chache za chumvi kinaweza kuua mtu mzima. Ukiokota karatasi ya unga njiani, usionje, usinuse.

Sasa niwape kisa. Zamani kidogo, kijana wa miaka 19 alikamatwa kwenye steji ya matatu akiwa na vikaratasi vitatu vya unga mweupe katika mfuko wa shati. Vilikunjwa kwa karatasi ya daftari, sawasawa na vile vinavyouzwa vichochoroni. Alisema ni dawa ya mdogo wake. Nani angemwamini? Mngemwamini ninyi?

Bahasha ya kaki ikafika mezani kwetu. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, mpya kazini, mwenye bidii sana. Kipimo cha kwanza huwa ni cha rangi. Unachota unga mdogo kuliko punje ya mchele, unauweka kwenye kisahani cheupe chenye vishimo, unadondosha dawa ya kupimia iitwayo kobalti thiosayaneti, ambayo ina rangi ya waridi. Kokeini ikiwamo, waridi hugeuka samawati. Tone likaanguka, likageuka samawati papo hapo. Mwenzangu akasema, "Ni yenyewe, Mama!" Na kalamu ameshaishika.

Nikamwambia aiweke chini.

Kwa nini? Kwa sababu rangi inakuonyesha mtaa tu, nyumba haikuonyeshi. Zipo dawa za hospitali, halali kabisa, ambazo nazo huligeuza tone lile samawati. Kipimo cha rangi ni cha kuelekeza, na mkemia anayekomea hapo amekomea mlangoni. Lazima uende kwenye kipimo kinachotenganisha kitu kimoja na kingine bila shaka.

Sisi tuliutia ule unga kwenye mashine. Ndani yake mna bomba jembamba sana, tundu lake kama robo ya milimita, urefu wake mita 30, limeviringwa ndani ya jiko la umeme. Sampuli inageuzwa mvuke, inasukumwa na gesi mle bombani. Ni kama matatu zilizotoka Muthurwa pamoja: zote zimeshika barabara moja, lakini kila moja ina mwendo wake na itafika kwa saa yake. Ikifika mwisho, inapigwa kwa elektroni na kuvunjika. Sasa hapa ndipo pananifurahisha mpaka leo. Chungu ukikiangusha hupasuka ovyo, leo hivi, kesho vile. Molekuli haipasuki ovyo. Ukiivunja mara elfu, inatoa vigae vilevile. Molekuli ya kokeini ina uzito wa 303 kwa kipimo cha atomi, na vigae vyake vikubwa ni 182 na 82. Heroini ni 369, na vigae vyake tunavijua. Unavisoma kama mzazi anavyotambua nyayo za mwanawe matopeni.

Karatasi ikatoka. Hakuna 303. Hakuna 182. Kilichokuwamo ni difenihidramini, dawa ya mzio inayouzwa duka la dawa. Mama yake alikuwa ameponda tembe na kuzigawa mara tatu kwa ajili ya mtoto mdogo aliyekuwa akijikuna usiku kucha. Kijana alikuwa amekaa rumande siku 11. Je, kama kalamu ile ingeandika mapema? Siku 11 zingegeuka miaka.

Nawaambia hili kwa sababu watu wengi huniuliza, "Mama, uliwafunga wangapi?" Sikumfunga mtu. Maabara haina upande. Cheti kilekile cha majibu ya maabara kinachomtia mtu ndani ndicho kinachomtoa mwingine nje, na mkemia akianza kuona fahari kwa idadi ya waliofungwa, aondolewe mezani siku hiyohiyo.

Kwa bangi mambo ni mengine, maana ni mmea na una sura yake. Ukiweka kipande cha jani chini ya hadubini, unaona vinywele vifupi vilivyopinda kama kucha za paka. Kwenye shina la kila kinywele mmefungwa punje ya chokaa. Dondosha asidi kidogo: vinatoa mapovu, moja moja, mbele ya macho yako. Nimewaonyesha wanafunzi mara nyingi, na kila mara huwa wananyamaza kwanza.

Tuje kwenye magendo. Mzigo hufichwaje? Sitawafundisha kuficha, na walio kwenye biashara hiyo hawahitaji somo langu. Lakini mjue kitu kinapita wapi.

Kinapita baharini. Heroini ya Afghanistan hushuka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi na kuelekea kusini kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya. Juu kulikuwa na mifuko ya saruji. Saruji, jamani, kama ile mnayojengea. Katikati ya saruji zilipatikana kilo 1,032 za heroini. Julai mwaka huohuo ikakamatwa meli nyingine, ikaletwa Mombasa, na zaidi ya kilo 370 zikapatikana zimefichwa kwenye sehemu ya dizeli. Agosti serikali ikailipua meli baharini pamoja na shehena yake.

Mkemia akisikia "dizeli" anashika kichwa. Unga uliolowa mafuta unaupimaje? Huwezi kuweka dizeli kwenye mizani ukaita yote heroini. Na tangi moja halina hali moja: juu, katikati na chini ni mambo matatu tofauti. Lazima uchukue sampuli za kina mbalimbali, utenganishe mafuta na dawa, kisha useme ndani ya lita kadhaa mna gramu kadhaa. Ukikosea hapo, wakili wa utetezi atakuvua nguo mbele ya hakimu, na atakuwa na haki.

Kinapita kwenye posta. Miraa yetu ni halali hapa nyumbani, lakini Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Marekani haiitaki. Basi wapo wanaoikausha na kuituma kama majani ya chai au hina. Tatizo la maabara ni kwamba kathinoni, ile inayochangamsha katika miraa mbichi, hubadilika haraka jani linapokauka na kubaki kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Kielelezo, yaani kitu kilichokamatwa ili kiwe ushahidi, kikikaa wiki mbili kwenye kabati lenye joto, unachokipima si kile kilichokamatwa. Muda nao ni ushahidi.

Halafu kinapita tumboni mwa watu. Hapa naomba tutulie.

Wanaomeza mzigo tunawaita punda. Hata polisi, hata magazeti. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nilipoletewa kete, vile vifurushi vidogo vya kumezwa, za binti mmoja wa miaka 24 aliyeshushwa uwanja wa ndege wa JKIA. Alilazwa hospitalini chini ya ulinzi siku tatu, mpaka kete zote zikatoka. Zilikuwa 68. Zimeoshwa, zimekaushwa, zimepangwa kwenye trei kama mayai. Kila moja kubwa kuliko kidole gumba changu, imefungwa plastiki juu ya plastiki, na utepe juu yake.

Nilizipima moja moja. Nambari 1, uzito. Nambari 2, uzito. Unafika mahali unaacha kuona, mkono unafanya wenyewe. Nilipofika nambari 41 nikahisi imelegea. Nikaiweka chini ya taa ya kukuza. Utepe ulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, na plastiki ya ndani imeanza kulowa. Ndani mlikuwa na takriban gramu 10 za heroini. Ingefunguka ndani ya ndege, binti yule asingefika Nairobi akiwa hai. Niliweka koleo mezani, nikatoka nje, nikasimama chini ya mti nusu saa. Tangu siku hiyo sijamwita mtu punda.

Alikuwa ameahidiwa pesa ambazo hazitoshi kununua pikipiki.

Na mwenye mali je? Nimepima mizigo ya wabebaji wengi. Wenye mizigo sikumbuki wanne waliosimama mbele ya hakimu nikiwa shahidi. Hilo linaniuma. Lakini maabara ina namna ya kuwafikia, ikipewa nafasi. Mwisho wa utepe wa kete ya binti yule ulikuwa umekatwa kwa meno, una mawimbi. Miezi kadhaa baadaye ukaletwa utepe kutoka nyumba iliyopekuliwa. Tukaziweka ncha mbili chini ya hadubini: bonde likaingia kwenye kilima, nyuzi kwa nyuzi. Ziliungana. Na unga wenyewe una kumbukumbu: masalia ya upishi wake, kiasi cha kafeini kilichochanganywa, kiasi cha parasetamoli. Mizigo miwili iliyotoka jikoni kumoja hufanana kama mandazi ya karai moja. Tungekuwa tunalinganisha hivi kila mzigo unaokamatwa, tungewaacha wabebaji na kuanza kupanda ngazi. Nalisema hili hadharani kwa wenye mamlaka walio humu: pesa za kazi hiyo zitafutwe.

Sasa jambo ambalo limenikosesha usingizi kuliko yote: safari ya kielelezo. Kutoka mkononi mwa aliyekamata mpaka mezani kwangu, mpaka mahakamani.

Msimu mmoja wa mvua ndefu gunia la bangi lilikamatwa. Hati ya kituo ikasema kilo 14.2. Likafungiwa stoo. Miezi mitano baadaye likaletwa kwetu, tukapima kilo 9.6. Mahakamani wakili akaniuliza kwa upole, "Shahidi, kilo nne nukta sita zimekwenda wapi?" Mimi najua bangi mbichi hupoteza maji, kama sukuma wiki inavyonyauka. Lakini je, lile gunia lilikuwa bichi? Hakuna aliyeandika. Lilikuwa limelowa? Hakuna aliyeandika. Lakiri ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena? Ilionekana hivyo, na hakuna aliyeandika. Nimeapa kusema kweli. Nikajibu, "Sijui." Hakimu akamwachilia mshtakiwa, na hakimu alifanya sawa. Huenda maji yalikauka. Huenda kuna aliyechota usiku. Mpaka leo sijui, na kutojua kule ndiko kunakoua kesi.

Sheria inajua tatizo hili. Kifungu cha 74A cha sheria ya mihadarati kinataka mzigo wote upimwe uzito, na sampuli zichukuliwe, mbele ya mtuhumiwa, wakili wake na mchambuzi, inapowezekana. Mbele yake! Aone mizani kwa macho yake. Na vifurushi vikiwa vingi, huchukui kimoja ukasema "na vingine ni hivyo hivyo". Miongozo ya Umoja wa Mataifa inatoa hesabu ya kuchagua vingapi na namna ya kuvichagua bila upendeleo.

Mnakumbuka Desemba 2004? Zaidi ya tani moja ya kokeini, sehemu katika kontena hapa Embakasi, sehemu katika nyumba Malindi. Thamani iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 6.4. Haikuteketezwa mpaka Machi 2006. Kati ya hapo, mji mzima ulikuwa ukinong'ona: imebadilishwa, imeuzwa, kilichobaki ni unga wa ugali. Ikabidi ipimwe tena mbele ya mashahidi kabla ya kuchomwa. Mzigo ukikaa muda wote huo, hata ukilindwa na malaika, watu watanong'ona. Upimwe mapema, sampuli zihifadhiwe, uliobaki uteketezwe kwa amri ya mahakama.

Na msidhani ni sisi tu. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 2012 iligunduliwa kwamba mkemia mmoja wa maabara ya serikali alikuwa akiandika majibu ya sampuli ambazo hakuzipima. Alizitazama tu. Wakubwa wake walimsifu kwa kasi yake. Mwaka 2017 zaidi ya kesi 21,000 zilifutwa. Elfu ishirini na moja! Wenye hatia na wasio na hatia wakatoka kwa mlango mmoja, na waliokwisha kutumikia vifungo, nani angewarudishia? Alifanya lile ambalo mwalimu wa kemia leo amekataa kufanya na vijikaratasi vyangu.

La barabarani nitaligusa kidogo. Unga unaouzwa mitaani humu umechanganywa mara nyingi kabla haujamfikia kijana wako, na haujachanganywa na mtu mwenye mizani. Leo dhaifu, kesho mkali, karatasi ileile, bei ileile. Ndiyo maana wanakufa. Na ile dawa inayoitwa "mchele", wanayotilia watu kwenye vinywaji katika vilabu vya mjini, mara nyingi huwa ni tembe za usingizi. Huisha mwilini haraka, kwa hiyo aliyewekewa apelekwe hospitali upesi, mkojo na damu vichukuliwe siku hiyohiyo, si baada ya kuona aibu wiki nzima. Aliyenaswa na heroini naye anatibika. Hospitali ya Mathari wamekuwa wakitoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, tangu Desemba 2014. Mpelekeni. Msimfungie chumbani.

Wazazi, niwaachie la kushika mkononi. Mtoto wako akikamatwa, usianze na kilio wala usianze na noti. Uliza: ni nini kimeshikwa, na ni vifurushi vingapi? Viandikwe idadi. Omba vipimwe uzito mbele ya mtoto wako, na hali ya kila kimoja iandikwe, kikavu au kibichi. Bahasha ifungwe mbele yake, atie sahihi juu ya mfungo, na asitie sahihi mahali ambapo nambari bado haijajazwa. Baadaye wakili aombe nakala ya cheti cha mchambuzi, asome ni vipimo gani vilifanywa. Kama kimetajwa cha rangi peke yake, aulize kingine kiko wapi. Mkemia anaweza kuitwa kizimbani aulizwe maswali. Mwiteni. Mkemia mwaminifu haogopi kuitwa.

Yule mama wa kijana wa steji alikuja maabara baada ya mwanawe kutoka. Hakuruhusiwa kupita lango, kwa hiyo nilimfuata nje. Alikuwa na ile pakiti ya tembe mkononi, imebaki tembe nne. Alitaka niione. Alikuwa ameizungusha kituoni siku zote 11, na hakuna aliyeitazama.

Naona kuna mkono pale nyuma umekuwa juu muda mrefu. Karibu, mwanangu, uliza swali lako.